Chenja Iliyoimba Kwenye Mteremko

Kabla hamjanicheka, wanangu, jueni kwamba kulikuwa na wakati mtu akitaka kusikiliza CD sita ndani ya gari bila kusimama kubadilisha, ilimlazimu aje kwangu hapa Kilakala na gari lishinde kwangu kutwa nzima. Leo mnagusa simu na gari linaimba. Hakuna waya, hakuna bisibisi, hakuna jasho. Nawaona kila siku kwenye ile karakana iliyokuwa yangu, mkifunga redio yenye kioo kama televisheni na kumaliza kabla chai haijapoa, halafu mnakaa kupiga soga, mmoja wenu akiwa amekalia jiwe langu. Sina kinyongo. Labda kidogo, kwa ajili ya hilo jiwe, na nitawaeleza kwa nini.

Mimi ni Shomari, fundi redio za magari. Nilistaafu siku macho yalipoanza kuchanganya waya wa kahawia na waya mwekundu. Nimefunga redio za kaseti, nimefunga redio za CD moja, lakini kitu kilichonipa jina mjini Morogoro ni chenja. Lilikuwa sanduku la chuma, unene wake kama mkate wa slesi, linakaa kwenye buti. Ndani yake kunaingia kidroo cha kupangia CD, sita au kumi, na mashine inazichagua yenyewe huku wewe umekaa mbele na rimoti yako kama waziri.

Kile kidroo tulikiita magazini, kama ile ya risasi kwenye bunduki, na jina hilo lilimponza mteja wangu mmoja, mwalimu wa Gairo. Askari walimsimamisha barabarani, wakafungua buti, wakamuuliza sanduku lile ni la nini. Mwalimu akajibu kwa adabu zake zote, "Afande, ile nyeusi ndiyo magazini. Inabeba sita." Akateremshwa garini mikono ikiwa juu. Aliruhusiwa kuondoka baada ya kuwapigia nyimbo mbili, na anaapa kwamba waliomba ya tatu.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyenifundisha kutofunga chenja chini ya kiti. Alikuwa amesisitiza iwe karibu naye, nami nikakubali ili nisibishane na mwalimu. Baada ya msimu mmoja akarudi, chenja imegoma kabisa. Niliifungua nikakuta karanga. Wanawe walikuwa wameona tundu linalofunguka na kujifunga, wakalilisha. Nilitoa karanga nusu kikombe, nyingine zimekaangika. Mteja akikuambia anataka kitu kikae mahali fulani, muulize kwanza ana watoto wangapi na wanakula nini garini.

Kuchagua chenja kulikuwa kazi kuliko kuifunga. Nyingi zilikuwa za mtumba, zimetolewa kwenye magari yaliyogongwa, na wauzaji waliapa kwamba ni mpya. Mimi nilikuwa naitikisa kwanza. Ikikaa kimya kabisa kama tofali, nilishuku kwamba zile skrubu za kusafirishia hazijatolewa, zinazoshika mashine isichezecheze ndani ya boksi. Ukiifunga nazo, ikipita barabara mbovu itaruka nyimbo kama mtu mwenye kwikwi. Kisha natazama ubavuni, kuna kitasa kidogo cha kuiambia mashine kama imelala au imesimama. Mafundi wengi hawakukijua. Walisimamisha chenja wima kwenye buti, kitasa kinasema imelala, halafu wanalaumu CD za watu.

Jambo la mwisho ni kama inapatana na redio. Magari mengi yaliyoletwa hapa yalikuwa ya zamani, redio zake hazina hata tundu la kuchomekea chenja. Hapo ndipo tulitumia kisanduku kidogo kinachogeuza CD iwe kama stesheni ya redio. Unakiunga kwenye waya wa antena, unatafuta namba fulani kwenye FM, na CD yako inatokea hapo. Kilikuwa kitu kizuri. Usiku wa kuamkia leo nilikiota.

Aliyenifundisha haya yote ni Mzee Kibwana, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kunisifia hata mara moja. Alikuwa na swali moja tu. Unapima waya kwa taa ya kupimia, taa inawaka, unafurahi, unamwita, "Mzee, nimepata moto!" Yeye hainui hata kichwa. Anakuuliza, "Na ukizima?"

Maana yake ni kwamba chenja inataka moto, yaani umeme, wa aina mbili. Mmoja ni wa kudumu, haukatiki, ndio unaoifanya ikumbuke wimbo ulipoishia. Wa pili ni wa ufunguo, unakuja ukiwasha na kuondoka ukizima, ndio unaoizungusha. Ukipata waya wenye moto, hujajua bado ni wa aina gani mpaka uzime ufunguo na kupima tena. "Na ukizima?" Nimeulizwa hivyo mpaka nikawa nasikia swali lile hata nikizima kibatari nyumbani.

Basi, pamoja na kufundishwa namna hiyo, na nikiwa tayari fundi mzima mwenye jina, nilikaribia kuua watu.

Alikuja mama mmoja kutoka Mgeta, Mama Koleta, mfanyabiashara wa mboga. Alikuwa mfupi, mnene, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na stesheni wagoni ya zamani iliyokuwa ikishusha kabichi, karoti na njegere mlimani mara mbili kwa wiki. Akaniwekea mikononi chenja aliyopewa na kaka yake, na CD moja iliyofungwa kwenye leso.

"Fundi, kwaya yetu ya kigango imerekodi," akaniambia. "Wimbo wa nne, beti ya tatu, wote wananyamaza. Naimba mimi peke yangu."

"Hongera, dada. Umeshajisikiliza?"

"Nitajisikilizia wapi? Nyumbani umeme hakuna. Ndiyo maana nimekuja kwako. Lakini fanya haraka, kaka yangu, mawingu yale pale, na mimi barabara ya kwetu ikilowa siipandi."

Yadi yangu, mnaijua, imeinama kuelekea barabarani. Gari la Mama Koleta breki ya mkono ilikuwa imekufa siku nyingi. Nikamwambia akae kwenye usukani akanyage breki wakati nafanya kazi. Ndivyo tulivyofanya siku zote kwa magari ya namna hiyo, na hatukuona ubaya wowote. Akakaa, amekanyaga, anapiga soga na mimi kupitia kioo.

Nilianza vizuri. Chenja nikaifunga pembeni mwa buti, nikatoa zile skrubu, nikageuza kitasa. Antena ya gari lile ilikuwa nyuma, kwa hiyo kisanduku nacho kikakaa nyuma. Moto wa kudumu nikauchukua kwenye taa ya buti. Kilichobaki ni moto wa ufunguo, na kazi halali ilikuwa kuufuata kule mbele kwenye redio, niinue viti na zulia, nipitishe waya chini mpaka nyuma. Nikaliangalia lile zulia. Lilikuwa na udongo wa Mgeta, maganda ya njegere na majani ya kabichi ya mwaka uliopita. Nikaangalia mawingu. Nikasema moyoni, hapa nyuma nyaya zipo tele, acha nitafute mmoja.

Nikamwambia awashe ufunguo. Nikagusa waya wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu taa ikawaka, tena kwa nguvu. Sikuuliza nikizima itakuwaje. Nikaunga, nikafunga na utepe, nikaweka CD. Chenja ikavuta pumzi mbili tatu, kisha kwaya ikalijaza gari. Mama Koleta akapiga vigelegele palepale kwenye usukani, mguu ukiwa juu ya breki. Nikafunga buti, akalegeza breki kidogo tu, gari likateremka kuelekea barabarani huku linaimba, nami nikabaki nimesimama na mikono kiunoni, nimeridhika na nafsi yangu kupita kiasi.

Jioni akanipigia simu kutoka njiani, sauti inakuja na kukatika.

"Fundi, kitu chako kina maringo. Huku kwenye kupanda kimenyamaza. Kimeimba kidogo pale kwenye matuta, kikaimba tena pale ng'ombe walipokuwa wanavuka. Basi."

Sasa sikilizeni kosa la pili, ambalo naona aibu zaidi ya lile la kwanza. Badala ya kufikiri, nilijitetea. "Labda CD ina vumbi, dada. Ipanguse."

"Haya. Mimi sina haraka nacho. Kesho nikishuka na mzigo nitakisikiliza vizuri, naiweka namba nne kabisa." Simu ikakatika.

Asubuhi, nimetoka kuswali alfajiri, dereva mmoja wa teksi akaingia yadi. Naye breki ya mkono hana. Akasimama kwenye mteremko amekanyaga, na ukuta wangu mweupe nyuma ya gari lake ukawa mwekundu kwa taa za breki. Nikautazama ule wekundu. Nikasikia matuta. Nikasikia ng'ombe wanavuka. Nikakaa chini kwenye vumbi na kanzu yangu.

Nilikuwa nimeunga chenja kwenye waya wa taa za breki. Waya ule ulikuwa na moto kwa sababu tu mwenye gari alikuwa amekanyaga breki muda wote niliopima. Kwa hiyo chenja ingeimba akikanyaga, na kunyamaza akiachia.

Mtacheka. Hata yule dereva wa teksi alicheka nilipomwambia. Lakini fikirini kidogo. Kutoka Mgeta kushuka barabara kuu ni kona juu ya kona, na upande mmoja ni korongo ambalo ukungu ukilijaza hulioni chini. Kila dereva wa kule anajua kwamba hushuki kwa kukanyaga breki mfululizo. Unaweka gia nzito, injini inalishika gari, breki unaigusa kwenye kona na kuiacha. Ukiikanyaga muda mrefu inachemka, na ikichemka mguu unazama mpaka sakafuni na gari halina habari na wewe. Na mimi nilikuwa nimempa mwanamke anayetamani kusikia sauti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, gari linalomwimbia akikanyaga breki. Linalomnyamazia akiachia. Na nyuma kabichi mpaka darini.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena na tena, yule dada wa kwenye simu akanijibu kwa upole uleule.

Shemeji yangu Rashidi alikuwa na pikipiki. Nikamkuta anapiga mswaki.

"Shemeji, nipeleke Mgeta."

"Kuna msiba?"

"Bado," nikamwambia. Akatema povu, akawasha pikipiki.

Tulishika barabara ya Iringa, tukachepuka Sangasanga, tukaanza kupanda. Begi la vifaa mgongoni, kanzu nimeikunja kiunoni. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu yule mama awe mchoyo wa betri, au awe amesahau CD kitandani, au mvua iwe imeharibu barabara. Nilimwomba Mungu hata chenja iwe imekufa. Kazi ya mikono yangu mwenyewe, naiombea ife.

Juu kidogo ukungu ukatukuta, mzito, hatuoni mbele ya taa. Rashidi akasimama kwenye kona pana, akazima pikipiki. "Shemeji, tusikilize kwanza. Tukipanda hivi anatugonga yeye."

Tukasikiliza. Maji yanatiririka mahali fulani. Kuku mmoja. Halafu kule juu, ndani ya weupe, nikasikia kwaya.

Ilikuwa inashuka. Beti ya kwanza ikaisha, wakaingia kiitikio. Hakukuwa na mkato hata mmoja. Beti ya pili ikaanza. Rashidi akatabasamu, "Mbona inaimba vizuri tu?" Kila neno la wimbo ule lilikuwa mguu juu ya breki. Nilikuwa nimefanya kazi ya redio maisha yangu yote, na sijawahi kuchukia sauti nzuri kiasi kile. Kiitikio tena. Nikajua kinachofuata, nikasema kwa sauti, kama vile angenisikia, "Mama Koleta, achia. Achia, dada yangu."

Beti ya tatu. Wote wakanyamaza, ikatoka sauti moja ya mwanamke, nyembamba, imenyooka, maneno matatu au manne.

Ikakatika.

Wanangu, sijui nilisimama pale muda gani. Rashidi ananiambia ni muda wa kuvuta pumzi kumi. Kimya kile kilikuwa na maana mbili tu, na moja yake ilikuwa korongo. Nilitega sikio nisikie chuma, nisikie kelele, nisikie chochote. Nikasikia, kwa mbali, injini inanguruma kwa uchungu kama ng'ombe anayevutwa kamba. Gia ya pili. Gari limeshikwa na injini, linateremka polepole, mguu hauko kwenye breki.

Nililia. Nawaambia ninyi kwa sababu Rashidi ameshawaambia wengine.

Kwenye kona chenja ilijaribu kuvuta pumzi, ikaachwa. Kisha taa mbili zikatokea kwenye ukungu, na nyuma ya kioo uso wa Mama Koleta, shingo ameinyoosha. Akatuona, akasogea pembeni penye tambarare, akasimama. Harufu ya breki iliyoungua ikatufikia kabla yeye hajashuka.

"Shikamoo nyote mlioamka," akasema kwa utani. "Fundi, umefuata kabichi na kanzu?"

Nikamweleza. Sikuficha kitu, hata zulia. Alinisikiliza ameshika kiuno, kisha akaangalia matairi ya mbele yanayofuka moshi mwembamba.

"Mimi niligundua kona ya kwanza tu," akasema. "Nikikanyaga kinaimba. Nikasema leo nakanyaga mpaka nijisikie. Nimekanyaga, nimekanyaga. Nimefika kwenye sauti yangu, nikasikia hii harufu. Nikajiambia, Mama Koleta, huo wimbo utausikilizia mbinguni, tena sasa hivi. Nikaingiza gia ya pili, nikaachia."

"Ukaacha sauti yako katikati?"

"Ningefanyaje? Ile ingeniimbia hata kuzimu."

Rashidi alitaka kumwagia breki maji zipoe, nikamzuia. Chuma chenye moto hakimwagiwi maji, kinaachwa kipoe chenyewe. Nikaokota jiwe pembeni mwa barabara, lenye ubapa upande mmoja, nikaliweka mbele ya tairi. Nikamwambia Mama Koleta ashuke, akae mbali na usukani kabisa. Tukateremsha kabichi, tukang'oa viti, nikainua lile zulia nililolikimbia jana yake. Nilipitisha waya kutoka kwenye redio mpaka kwenye buti, nikiwa nimepiga magoti kwenye maganda ya njegere, na hakuna kazi niliyowahi kuifanya kwa furaha kama ile. Nilipima ufunguo ukiwa umewashwa, taa ikawaka. Nikazima, taa ikazimika. Nikawasha tena, nikazima tena. Rashidi akasema nimerukwa na akili.

Ndipo nikaweka namba nne. Mama Koleta alikaa kwenye kabichi zake, miguu yote miwili juu ya majani, tukausikiliza wimbo tangu mwanzo. Ilipofika beti ya tatu akafumba macho. Sauti yake ikapanda, ikapanda, ikaisha. Akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Kumbe pale mwisho natoka nje ya sauti," akasema.

"Hata kidogo, dada," Rashidi akamwambia.

"Natoka! Na nilitaka kufa kwa ajili yake!" Akacheka mpaka akaangusha kabichi mbili, zikabingirika zikaingia kwenye ukungu, hatukuzisikia zikifika chini. Hapo tukaacha kucheka wote watatu, tukapakia mzigo.

Kwa hiyo nyie mnaofunga redio zisizo na waya, najua hamuhitaji taa yangu ya kupimia. Lakini kamera za kurudi nyuma bado mnazifunga, na waya wake mnautafuta kwenye taa za nyuma, palepale nilipopotelea mimi. Nimeona jinsi mnavyofanya. Yadi ni ileile iliyoinama, magari ni yaleyale yasiyo na breki ya mkono, na jana nimemwona mwenye gari amekaa ndani amekanyaga huku mmoja wenu anapima nyuma.

Dereva ashuke. Lile jiwe nililishusha kutoka Mgeta kwa pikipiki, nimelipakata mimi mwenyewe, ili katika yadi ile gari lisishikwe tena na mguu wa mtu wakati fundi anapima. Halikuletwa liwe kiti. Basi nyanyuka, mwanangu, likaweke kwenye tairi.